Waulizeni Walianza Wangapi

Kila mwisho wa Januari, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mabango ya barabarani hubadilishwa. Njia ya daladala yangu ya asubuhi inayo kadhaa, na kubwa kuliko yote ni la shule moja ya binafsi: wasichana wamevaa masweta mapya, chini yao maandishi mekundu yanasema watahiniwa wote wamepata daraja la kwanza. Hakuna la pili, hakuna ziro. Juzi mama aliyekaa pembeni yangu alilitazama akaguna, "Hapo ndipo pa kupeleka mtoto." Nilinyamaza. Ningeanza kueleza tungefika Posta sijamaliza, basi nayaandika hapa.

Binti wa dada yangu alisoma shule ya namna hiyo, si hii ya bango. Alipofika kidato cha tatu wastani wake ukawa unacheza chini kidogo ya ule unaotakiwa na shule. Dada akaitwa ofisini, akaletewa soda, kisha mkuu wa shule akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, mtoto tunampenda, ila tunaona atafanya vizuri zaidi akitafutiwa kituo kingine." Na ada ya mwaka mzima ilikuwa imeshalipwa. Mtoto mwenyewe hakuwa wa kupata ziro. Alikuwa mtoto wa daraja la pili, au la tatu siku ikiwa mbaya, na kosa lake lilikuwa hilohilo. Akahamia shule ya kata karibu na nyumbani, akafanya mtihani, akapata daraja la pili. Shule aliyotoka ikatoa asilimia mia moja, kama kawaida yake.

Ndiyo maana asilimia mia hainiambii kitu mpaka nijue ni mia ya nini. Ukiwatoa wote wenye dalili ya kushindwa kabla ya Novemba, watakaobaki watafaulu hata ukiwaachia walimu likizo. (Nazidisha kidogo. Walimu wa shule hizi wanafanya kazi usiku na mchana, na wengi wao hawaipendi michujo hii, wanaitekeleza tu.)

Hata bila hila, idadi ya waliofaulu hubeba mambo yaliyotokea kabla ya shule kumfundisha mtoto chochote. Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala na Tabora Wavulana ni shule za serikali za vipaji maalum, zinachukua watoto waliong'ara darasa la saba. Nazipenda, na wengi walionifundisha walipitia huko. Lakini mchele ukishachaguliwa mawe, mpishi ameshasaidiwa nusu ya kazi. Shule ya kata inapokea gunia lilivyo. Ikitoa madaraja ya pili thelathini kutoka kwenye gunia hilo, mimi ningeitengenezea bango kwa fedha zangu.

Januari 2023 Baraza la Mitihani, kupitia kaimu katibu mtendaji wa wakati ule, Athumani Amasi, lilitangaza kuacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, kwa hoja kwamba utaratibu ule haukuwa na tija. Nilishangilia. Sasa sina uhakika kama nilishangilia kwa akili. Orodha ya Baraza, pamoja na ubaya wake, ilitoka kwa mtu mmoja asiyeuza nafasi za kidato cha kwanza. Ilipoondoka, kila shule ikajipangia nafasi yake yenyewe na kuiandika ukutani.

Baraza limetuachia kitu kizuri zaidi, ila wazazi wengi hawakitumii. Kila shule ina namba ya kituo inayoanza na S, na ni namba hiyohiyo kwenye upimaji wa kidato cha pili na kwenye mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yote mawili yako wazi kwenye tovuti. Fungua kidato cha pili cha 2022, hesabu watoto. Fungua kidato cha nne cha 2024 kwa namba ileile, hesabu tena. Hao ni kundi moja, miaka miwili baadaye. Watakuwa wamepungua kidogo kila mahali: wazazi huhama, wengine hukariri darasa, wengine ada huwashinda. Wakipungua wachache, sina neno. Nilipoifanyia hesabu hiyo shule ya bango nilikuta pengo la kujaza darasa zima na madawati ya akiba.

Tukija kidato cha sita mambo yanachekesha zaidi. Huko A ni pointi moja na F ni saba, kwa hiyo jumla ikiwa ndogo ndiyo sifa, na "wani ya tatu", yaani daraja la kwanza la pointi tatu, ndiyo kilele. Mtoto akigeuka kuomba chuo, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, nayo inageuza hesabu: A inakuwa tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja, na kubwa ndiyo nzuri. Mzazi akichanganyikiwa msimcheke. Kiwango cha chini kwa shahada nyingi ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi nne. Kwa mfano, D mbili. Kijana mwenye D, D na S (alama iliyo kati ya E na F) ana pointi kumi na nne za kidato cha sita, daraja la tatu, hawezi kuonekana kwenye bango lolote, na mlango wa chuo kikuu uko wazi kwake. Wakati huohuo mwenzake wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) mwenye daraja la kwanza anaweza kuomba udaktari Muhimbili akakosa, kwa sababu nafasi ni chache na foleni ni ya watu kama yeye.

Sijawahi kuona bango linaloeleza wahitimu wa shule waliingia vyuo gani, kusomea nini. Tangu 2017, TCU ilipoacha kupokea maombi yote kwa mfumo mmoja, kila mwombaji anapeleka maombi chuoni mwenyewe, kwa hiyo shule inayotaka kujua italazimika kuwapigia simu vijana wake. Ni kazi. Lakini tunalipa ada za milioni, na simu ni bei rahisi.

Simu yenyewe naona wanayo. Binti wa dada alidahiliwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka jana, anasomea ualimu. Mwezi uliopita dada alipigiwa na ile shule ya kwanza, ya soda. Walikuwa wanaomba picha ya mtoto, akiwa na joho kama analo, ya kuweka kwenye ukurasa wa "waliopita kwetu". Dada hajawajibu.