Uongo wa Kima: Darasa la Pili Lisomewe Nini?

Mwalimu mwenzangu aliipitia ngano ya Kima na Papa mara moja, akairudisha kabatini. Anafundisha darasa la pili, na sababu yake ni kwamba shujaa wa ngano hiyo anapona kwa kusema uongo. "Kutwa tunawakanya wasidanganye," aliniambia, "halafu tuwasomee haya?"

Ngano yenyewe ni ya kwetu pwani. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja. Kima anamtupia papa chakula kutoka mtini, wanakuwa marafiki, na siku moja papa anamwalika kwao na kumbeba. Wakiwa katikati ya bahari papa anamfichulia: sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba angeambiwa mapema angeubeba, maana kima huiacha mioyo yao mitini. Wanageuza. Kima akishafika juu, hashuki.

Pingamizi la mwenzangu lina uzito. Mtoto wa miaka minane hashiki funzo tulilomwandalia. Anashika nani ameshinda na ameshindaje. Ipo hadithi ya sungura anayeiba mahindi ya wenzake kisha akamsingizia fisi, fisi akapigwa, darasa likaangua kicheko. Hiyo hata mimi nimeiacha, kwa sababu kicheko chote kinamwangukia aliyeonewa. Kima hajamwibia mtu. Anatolewa moyo, na hana silaha ila ulimi wake. Tukifuta kila hila, tutabaki na hadithi za mtoto mtiifu aliyepewa zawadi. Nimezisoma hizo pia: kabla sijafunua ukurasa wa tatu, dawati la nyuma wanachezea rula.

Mimi kinachonitia hofu zaidi ya uongo ni mama wa kambo. Bibi aliyetamba ngano usiku aliwajua wote waliokaa mkekani, na alijua pa kulainisha. Mwalimu mwenye watoto 80 hajui kila mmoja analala kwa nani. Niliwahi kusoma ngano ya binti aliyelazwa jikoni na mke mpya wa baba yake. Msichana mmoja wa mbele aliinamisha kichwa mpaka mwisho, na wakati wa mapumziko nikawasikia wenzake wakimuuliza kama na yeye hulala jikoni. Wapo watakaosema mtoto kama huyo ndiye hasa anayeihitaji, kwa kuwa yatima wa ngano hizo hushinda mwishowe. Ni kweli, na ningeweza kumsomea akiwa na wenzake wawili watatu chini ya mwembe. Mbele ya darasa zima, sitaisoma tena.

Kuhusu ugumu wa maneno sina wasiwasi mkubwa. Anayesoma bado kwa kuunga silabi huelewa kwa sikio mambo mengi kuliko anayoweza kuyasoma mwenyewe. Ila pale ambapo Kiswahili ni lugha ya pili, kama kwa watoto waliokulia Kisukuma au Kimaasai, hadithi yenye kiitikio huwabeba vizuri: hata aliyepotea njiani huitikia na wenzake na kurudi kwenye mkondo. Picha hazisaidii sana. Kitabu ni kimoja, na walio nyuma hawazioni.

Basi Kima na Papa niliisoma kwenye darasa langu, la pili pia, mwenzangu akisikiliza mlangoni. Nikasimama pale katikati ya bahari, nikauliza nani mwongo. Wengi wakajibu kwa sauti moja: kima! Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Papa ndiye aliyeanza, mwalimu. Alimwambia twende kwetu ukatembee."

Baadaye ofisini mwenzangu alikiri kwamba hilo hakuwa ameliona. Bado anashikilia kuwa ngano hii ingengoja darasa la nne, kwa sababu, anasema, mmoja aliliona na wengine wote walipiga kelele ya kima.