Maabara au sebuleni: kifaa kipimwe wapi?

Mpe mtu kifaa kipya cha nyumbani katika maabara ya chuo kikuu kwa dakika 40, naye atajitahidi kukitumia. Hana kazi nyingine, soketi iko wazi, intaneti haikatiki, mtafiti yuko pembeni. Utaona kitufe kinachomchanganya na hatua anayokwama. Si haba, tena kwa gharama ndogo: washiriki watano tu huibua kasoro nyingi za wazi. Kama atakigusa tena usiku, mtoto akilia na chungu kiko jikoni, hutajua.

Ndiyo maana zikajengwa nyumba za utafiti. Mwaka 2004 MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ilifungua PlaceLab, fleti iliyojaa vihisi (vifaa vinavyonasa mienendo ya wakazi), watu wa kujitolea wakiishi humo siku au wiki kadhaa. Data za namna hiyo ni nadhifu, lakini mgeni wa wiki mbili hana kabati lililosheheni vitu alivyoshindwa kutupa, na hapo ndipo vifaa vingi hukosa pa kukaa.

Watafiti wa ubunifu Gaver, Dunne na Pacenti walishika njia nyingine. Mwaka 1999 walieleza vifurushi walivyowapa wazee wa Norway, Uholanzi na Italia: kadi posta, ramani, kamera ya kutumia mara moja, ili wajibu kuhusu maisha yao na kuvirudisha. Wakosoaji husema majibu ya namna hiyo hayawakilishi umma. Kweli, hayawakilishi. Ila humwonyesha mbunifu maisha ambayo hakujua aulizie.

Kwa maoni yangu, anza nyumbani bila kifaa, rudi maabara kurekebisha vitufe, kisha kipeleke kikae miezi mitatu au zaidi. Wiki za mwanzo hudanganya, kwa sababu kipya hupendwa. Anayekusanya vifaa wiki ya nne hupima ugeni tu. Kifaa kirekodi pia saa za kukosa umeme. Mtu akikichomoa ili achaji simu, jedwali huandika "hakikutumika", na mtafiti hulaumu muundo wakati tatizo ni soketi moja kugombewa.

Gharama kubwa ya njia hii ni faragha. Fomu husainiwa na mmoja, kumbe kipaza sauti kinanasa wote, hata mgeni aliyepita kusalimia. Ridhaa iombwe kwa kila mkazi, na kiwepo kitufe cha kuzima kinachoonekana. Mkataba utaje pia nani atalipia seva, kompyuta ya mbali inayokihudumia kifaa, ruzuku ya utafiti ikiisha, maana siku itakapozimwa, kile ambacho familia imekizoea kitabaki kisanduku kimya ukutani.