Viza ya pamoja haimfikishi mgeni Tanga

Namshukuru mwandishi kwa habari yake mliyochapisha kuhusu viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, lakini pale anaposema kwamba mwenye viza hiyo anaweza kuzunguka Afrika Mashariki yote, amewaweka wageni wetu wa Mombasa katika hatari ya kukwama mpakani. Viza hiyo, iliyoanza kutolewa mwaka 2014 kwa dola 100 na kudumu siku 90, inahusu Kenya, Uganda na Rwanda peke yake. Tanzania haimo, na Zanzibar, ambako wageni wengi wa pwani hutamani kupitia, ni sehemu ya Tanzania.

Nimewaona kwa macho yangu pale Horohoro, kituo cha mpakani cha Tanzania, ng'ambo tu ya Lunga Lunga ya Kenya: mume na mke wazee, mizigo yao imeshushwa kando ya basi, yeye bibi akimwonyesha afisa karatasi ile ile ya viza ya pamoja mara kwa mara, huku abiria wenzao wakiharakisha safari ya Tanga. Afisa hakuwa na kosa. Aliwaeleza kwa upole kwamba lazima walipie viza ya Tanzania.

Jambo jingine ambalo habari haikuligusa ni kwamba mwenye viza hiyo hutakiwa kuingia kwanza kupitia nchi iliyoitoa, na akishatoka nje ya nchi hizo tatu, viza huisha nguvu hata kama siku zimebaki. Kwa hiyo anayekwenda Zanzibar katikati ya safari asitegemee kurejea Mombasa kwa karatasi hiyo. Naomba mhariri airekebishe habari hii mapema.