Kubloka siyo dhambi, tuangalie maswali kwanza

Ukipita Kadutu, hapa Bukavu, saa kumi na moja za asubui wakati wa sesioni ya egzame utawaona wanafunzi wa inive (chuo kikuu), kila mmoja na silabusi yake (notisi za kozi) ya fotokopi, anatembea nyuma ya nyumba hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi, midomo inacheza. Wanabloka, ni kusema wanakariri kozi. Na watu wanawacheka, hata maprofesa: ati wanafunzi wetu ni kasuku, hawana espri kritike, hawajui kujiuliza.

Bon, hawasemi uongo wote. Nina mdogo wangu anasoma ekonomi, definisio ya inflasio anaitoa bila kukosa koma. Siku moja nikamuuliza, basi juu ya nini mama wa ndagala anapandisha bei leo dola ikipanda, na ndagala zenyewe alizinunua jana kwa bei ya zamani? Akaniangalia tu. Na TFC, zile kazi za kumaliza masomo, zenye kurasa nzima zimetoka kwa TFC ingine, wote tunazijua, tusidanganyane.

Lakini hapo njo watu wanakimbia mbio kufika konklusio, wanasema alinyamaza juu amebloka sana. Mi naona alinyamaza juu hakuna mtu alishamuuliza swali la vile tangu aanze inive. Yule Mmarekani Bloom, mtaalamu wa elimu, mwaka 1956, alipanga kujifunza kwa ngazi sita, kujua vitu iko chini kabisa, kutoa hukumu iko juu, na sisi tukaelewa kama ya chini ni ya kudharau. Sasa mtu wa Bukavu, mwenye kujenga kwenye mlima, naye ataelewa hivyo kweli? Fondasio inakulaka pesa kuliko ukuta! Ukimwambia mtu akritike sera ya Banki Kuu na hajui masi monetere (jumla ya pesa zenye ziko ndani ya uchumi) ni nini, atakupa "mimi naona, mimi naona" mpaka jioni.

Kuna eksperiansi moja hainitoki kichwani, ya wanasaikolojia Roediger na Karpicke, Marekani, 2006. Walipatia wanafunzi maandishi ya kusoma: wengine wakasoma mara mbili, wengine wakasoma mara moja kisha wakafunga karatasi wakaandika yenye wanakumbuka. Kisha dakika tano, waliosoma mara mbili walikumbuka 81%, wale wengine 75%. Kisha wiki moja, waliosoma mara mbili wameshuka mpaka 42%, wenye kufunga karatasi wako na 56%. Fikiria ile 81 kidogo. Njo inadanganyaka watu, mtu anapaka stabilo ya manjano silabusi nzima, anasoma tena na tena usiku, anaingia kwenye egzame amejaa, anatoka na pointi zake, kisha wiki moja nusu imeenda. Kumbe yule wa nyuma ya nyumba, mwenye amefunga silabusi na kidole ndani anajaribu kuitoa kichwani, anakwama, anachungulia, anaanza tena, ule anafanya ile ya pili bila kuambiwa na mtu. Anajua wapi hajui. Hiyo tayari ni kujiangalia, ata kama hatuipatii jina kubwa.

Kubakia hapo tu haitoshi, ni kweli. Ila nani anamsukuma mbele? Silabusi mara nyingi njo kitabu chake pekee, swali la egzame linaanza na "Definisha", na mimi mwenyewe zamani niliandika jibu kwa maneno yangu, asista akaniambia hii siyo yenye iko mu silabusi. Nilipata 6 juu ya 20. Sesioni ya pili nikabloka neno kwa neno, nikapita. Mjinga ni nani hapo?

Sasa tuko na LMD, ule mfumo wa Lisansi-Masta-Doktora, lisansi ya miaka 3, kredi 180, na ndani ya kila kredi wamehesabu pia masaa ya mwanafunzi kufanya kazi mwenyewe. Kwenye karatasi ni vizuri sana. Lakini masaa ya nyumbani yanafuata swali lenye litaulizwa, kama ni "definisha" atayamaliza nyuma ya nyumba. Na wanasema ajifunze kutafakari makosa yake, kwa kopi gani, karatasi gani ya majibu yake? Kwetu kopi haikurudishwaka. Tulisukumana mbele ya valve, ubao wenye wanabandika pointi, kila mmoja anatafuta jina lake kwa kidole, mdogo wangu naye mwaka jana hivyo hivyo: amekuta 9 juu ya 20, imebakia moja tu apite, amepiga foto na telefone, amerudi nyumbani, na mpaka leo hajui ile pointi moja ilipotelea kwa swali gani.