Tumlipe ustadhi kwanza

Sisi wa Ujiji, Kigoma, hujisifu kwa Uislamu wa zamani. Dini ilitufikia karne ya 19 na misafara ya pwani iliyopitia Tabora, na hadi leo ukikatiza mitaani alasiri utawasikia watoto wakisoma Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qur'ani, kwa pamoja. Swali langu ni wangapi kati yao wanaswali bila kusukumwa.

Wazazi tunailaumu simu. Mimi naanza na hali ya ustadhi, mwalimu wao wa madrasa.

Asubuhi anahangaika na dagaa sokoni, alasiri yuko madrasa na watoto wa rika zote kwenye jamvi moja. Ada tunalipa tukijisikia. Akitukumbusha, tunamjibu kuwa dini haiuzwi. Basi anaingia darasani kachoka, bakora ndiyo inayofundisha. Umechelewa, chapwa. Umekosea herufi, chapwa. Mtoto si mjinga, anajua haraka kinachotakiwa: aonekane. Watazame wakitawadha. Ustadhi akiwepo, kila kiungo mara tatu. Akigeuka, uso unaloweshwa kidogo, miguu inarukwa, huyo kashaingia safuni.

Sura ya Abasa iko humo humo kwenye Juzuu Amma. Inamkanya Mtume (s.a.w.) kwa kumkunjia uso kipofu aliyemjia kutaka kujifunza. Watoto wetu wanaihifadhi mbele ya mwalimu aliyekunja uso.

Najua nitaambiwa habari ya ikhlasi, kwamba mwalimu wa kweli hungoja malipo kwa Mola wake. Sawa, lakini ikhlasi ya mtu haiwi kisingizio cha mimi kutolipa. Wala sisemi pesa ndiyo kila kitu. Kuna ustadhati (mwalimu wa kike) mmoja mtaa wa pili, ada yake ni ndogo vilevile, ila wazazi wa wanafunzi wake wanamthamini: huyu analeta mawese, yule unga, mwingine anapita kuuliza mwanawe anaendeleaje. Yeye mtoto akikosa kuja humfuata kwao kumjulia hali. Wanafunzi wake wakimkuta bibi na ndoo ya maji wanampokea, na hakuna aliyewatuma.

Ng'ombe wa Maulidi tunamchangia haraka, tena kwa majina kusomwa hadharani (hapo hakuna anayekosa!). Kamati zetu za misikiti zifungue daftari la michango kama hiyo kwa ajili ya ustadhi, kila mwezi. Akishalipwa kwa wakati, tutakuwa na uso wa kumwambia aiweke bakora chini.