Jangwa si joto, na rutuba ya msitu haiko udongoni

Asante kwa makala yenu kuhusu majangwa, misitu na bahari, ila mambo mawili siwezi kuyaacha yapite. Mwandishi anasema jangwa ni nchi ya joto na mchanga. Hapana. Jangwa ni ukame: mahali ambapo mvua au theluji ya mwaka mzima haifiki milimita 250 hivi. Ndiyo maana jangwa kubwa kuliko yote duniani ni Antaktika, kama kilomita za mraba milioni 14. Sahara, yenye milioni 9 hivi, inaongoza kwa majangwa ya joto tu.

La pili ndilo linaloniuma: eti msitu wa mvua wa tropiki umestawi kwa sababu udongo wake una rutuba. Kwa sehemu kubwa ni kinyume chake. Inua majani yanayooza chini ya mti wa Amazon, utakuta nyuzi nyeupe za kuvu na vijizizi vyembamba vimeng'ang'ania jani lenyewe, vikifyonza virutubisho kabla mvua haijavisomba. Akiba iko ndani ya miti iliyo hai. Fyeka, choma, lima misimu michache, ardhi imechoka. Misitu mingapi imekatwa kwa kuamini kosa hili hili!

Na bahari kupewa sentensi moja? Vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea karibu na uso wa maji, hutoa takriban nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani.

Mhariri, tafadhali rekebisheni kwanza ile aya ya udongo. Wanafunzi wanaisoma.