Zeze ndani ya flashi

Pale Soko la Majengo, Dodoma, kuna vijana kazi yao ni kuingiza nyimbo. Unampa flashi au memori kadi, unamtajia unachotaka: kwaya, singeli, ngoma za Kigogo. Hata soda hujaimaliza, nyimbo mia tatu ziko mfukoni. Walioziimba hawana habari.

Wengi wanaiita hali hii wizi mtupu. Mimi naona nafuu yake ni kubwa kuliko tunavyokiri. Zamani kikundi cha muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, cha Chamwino kikitaka kusikika kilisubiri mafundi wa Radio Tanzania, au kilipanda basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Huko msambazaji alinunua masta, yaani rekodi halisi, kwa bei yake, basi, mmemalizana. Hayati Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alibahatika kurekodiwa na lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza. Wagogo wangapi walipata mlango huo? Leo kina mama wanapiga ngoma chini ya mbuyu, mtu anarekodi kwa simu, na jioni ndugu yao aliyeko Mwanza anawatazama.

Kwenye pesa ndipo penye kazi. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo, njia ya kawaida inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kisha salio lifike dola 100 ndipo utumiwe. Kikundi cha kijijini hakina chaneli. Chaneli ni ya mwenye kamera, na kinachoingia kinaingia kwake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, lakini nani atamkimbiza kijana wa Majengo kwa flashi moja? (Na tusijisahaulishe: kaseti nazo tulizidurufu sana.)

Kinachoniuma zaidi ni studio. Sauti za zeze na ilimba, ala za nyuzi na za vibao vya chuma za Wagogo, hazikai zote kwenye vitufe vya kinanda. Ipo moja ambayo Mgogo huiimba chini kidogo ya ile ya kinanda, na utamu wenyewe uko hapo. Prodyuza akiwasha programu ya kunyoosha sauti, inaivuta mpaka kwenye noti ya jirani. Nilikuwepo siku moja kikundi kikirekodi. Mama anayeongoza alijisikiliza kwenye spika, akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

Akacheka sana, kisha akaomba aimbe upya, safari hii bila hiyo dawa.